Uso wa Mama Kwenye Pakiti ya Omena

Ukiingia Busia, inua macho uangalie mbele za maduka. Yule simba wa duka la magodoro ni wangu. Yule ng'ombe wa buchari ya nyama, ambaye watu husema anakufuata kwa macho hata ukivuka barabara, ni wangu. Kinyozi, fundi wa viatu, daktari wa meno, kanisa lenye njiwa, hata ule msikiti mdogo uliotaka maua tu bila kiumbe chochote, mkono ni huu mmoja. Nasema bila aibu kwa sababu nisiposema mimi hakuna mwingine atakayesema. Shule niliiacha darasa la nne. Leo wenye digrii wanakuja nyumbani kwangu Burumba, nyumba ya matofali niliyoijenga kwa brashi, kunibembeleza niwachoree.

Darasa langu lilikuwa foleni ya malori Malaba. Siku hizo lori lingeweza kungoja kuvuka mpaka hadi dereva akaota ndevu. Dereva aliyechoka kukaa hutafuta kitu cha kutumia siku, na sisi wachoraji tulikuwa pale na makopo yetu. Unamchorea ubavuni kile anachokipenda, tai, chui, bibi arusi. Lakini lori lililo kwenye foleni halikusubiri. Likisogea nawe unasogea nalo, kopo mkono mmoja, brashi mkono wa pili, huku unapiga mstari. Ukichelewa, picha inavuka mpaka kabla haijaisha. Nina twiga wangu wa miguu mitatu mahali fulani Kongo mpaka leo, na sijasikia kwamba ameanguka. Hapo ndipo nilipojifunza kuchora haraka na kuchora kwa kichwa, bila kutazama kitu. Wenzangu walibeba vitabu vya picha za kuiga. Mimi nilibeba kichwa changu tu.

Na katika kazi hizo zote, hutapata jina langu hata mahali pamoja.

Watu wa nje hushangaa. Hapa kwetu kila fundi wa rangi anajua sababu. Mwenye duka hulipia bango lake ada kwa watu wa serikali ya kaunti. Ukiandika pembeni jina lako na namba ya simu, mkusanya ada akipita anasema hapa kuna matangazo mawili, la duka na la mchoraji, na mwenye duka anatozwa mara mbili. Kwa hiyo tuliacha majina. Mimi ndiye niliyewafundisha wengi jambo hilo, na nililisema kwa majivuno. Nilikuwa nawaambia, mchoraji wa kweli hahitaji jina, mkono wake unajulikana kama mwendo wake. Na ni kweli. Mtu yeyote wa Busia ukimuuliza nani alichora hii, atanitaja mimi kabla hujamaliza swali.

Sasa nije kwa mama yangu.

Mama alianika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, huko Sio Port maisha yake yote. Alitandaza nyavu kuukuu kwenye mchanga, akazimwaga omena juu yake, akakaa kitako kando akifukuza ndege na mbuzi. Mnunuzi akija na bei ya kumdharau, mama hakubishana. Aliinua kidevu, akachota konzi ya omena akaionyesha juani, akafinya jicho la kushoto. Jicho likishafinywa, mazungumzo yamekwisha. Wanunuzi wote walilijua. Wengine walikuwa wakiuliza kwa mbali, kabla ya kufika, "Mama, leo jicho liko wazi?" Kwa jicho hilo tulikula, na kwa jicho hilo mimi nilinyimwa mambo mengi niliyoyataka nikiwa kijana, mengine kwa haki.

Alipofariki, kitambulisho chake kilirudishwa serikalini kama inavyotakiwa mtu akizikwa. Ile picha ndogo ya kitambulisho ndiyo iliyokuwa picha yake pekee duniani. Tulikuwa msibani, vichwa vimejaa mambo, hakuna aliyefikiria kuinakili. Nilikumbuka tulipokuwa tumekwisha kumzika.

Baadaye mama mmoja mwenye hoteli kule Mundika, hoteli ya chapati, ugali na samaki, aliniita nimchoree ukuta wa mbele.

"Nichoree samaki mkubwa," alisema.

"Nitakuchorea omena."

"Omena ni kitu cha kuchora? Si zitaonekana kama misumari?"

"Ngoja uone."

Nilimchora mama. Nilimkalisha kwenye mchanga, nyavu mbele yake, kitambaa cha kichwa kimelegea upande mmoja, sweta lake la kahawia lenye kifungo kisichofanana na vingine, konzi juu, kidevu juu, jicho la kushoto limefinywa. Nilichora kwa rangi ya mafuta iliyo nzito, kwa kichwa, bila kitu cha kuiga. Nilipomaliza mwenye hoteli alikuja akasimama nyuma yangu na mwiko mkononi.

"Huyu mama anaita wateja ama anawafukuza?"

"Anawapima."

"Basi akae," alisema. "Wale wa kula na kusema nitaleta kesho watamuogopa."

Alikaa pale miaka. Kila nilipopita niliinua mkono. Halafu kampuni moja ya simu ikaja na makopo, ikampakia mwenye hoteli ukuta wote rangi yake ya kampuni bila malipo, kama wanavyofanya barabara nzima. Nilipita nikauona ukuta ni rangi tupu, na sikusimama. Nilijiambia ukuta ni wake mwenye hoteli, ana haki nao. Mama mwenyewe ninaye kichwani. Nikitaka, nitamchora tena kesho.

Hivyo ndivyo nilivyojiamini.

Siku niliyouona uso wake tena nilikuwa nimeingia duka moja Burumba kununua sabuni. Mwenye duka ni Mwislamu ambaye tumezoeana tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Nyuma yake, juu ya rafu, palikuwa na pakiti za omena zilizosafishwa, zile zinazotengenezwa mjini kwa watu wasiopenda kutoa vichwa. Mama yangu alikuwa juu ya kila pakiti.

"Mzee," mwenye duka alisema, "mbona unaitazama omena kama mke aliyekutoroka?"

Nilichukua pakiti moja nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Kitambaa cha kichwa, kile kile. Konzi, ile ile, vidole vyangu nilivyovichora, kidole gumba kikiwa kimepinda kama chake. Sweta walikuwa wamelibadilisha likawa gauni la manjano. Meno walikuwa wamempa, meupe, ya kutosha watu wawili. Na jicho la kushoto walikuwa wamelifungua. Mama alikuwa anatabasamu kwa macho mawili, anamkaribisha kila mtu, kwa bei yoyote.

"Huyu ni mama yangu," nilimwambia mwenye duka.

Alivaa miwani, akaangalia pakiti, akaniangalia mimi. Alikuwa amekula pale Mundika mara nyingi. "Ndiye," alisema. "Lakini wamemfanya mtu mwingine."

Nilipiga namba iliyo nyuma ya pakiti. Msichana mmoja alipokea kwa sauti tamu.

"Huyo mama kwenye pakiti yenu ni mama yangu," nilisema.

"Hongera sana, mzee."

"Sijapiga kutafuta hongera. Nani aliwapa?"

Aliniambia nisubiri. Siku nyingine alinipigia mwanamume, mwenye adabu, ambaye hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema picha ile mtu wao aliipiga kwenye ukuta akipita njia. Walimtafuta mwenye picha, hawakumpata. Haikuwa na jina. Wakaihesabu kuwa picha isiyo na mwenyewe. Kama mimi ndiye, nilete uthibitisho, watanifikiria.

"Mlimtafuta wapi?"

"Kwenye mtandao, mzee."

Ni wakati huo huo ambapo tuliitwa wasanii wa upande huu, kuanzia Malaba mpaka Sio Port, kwenye ukumbi wa kanisa mjini, kuelezwa mswada wa sheria mpya ya hakimiliki. Alikuja wakili mmoja kijana, mwanamke, aliyetumwa na chama cha wasanii. Tulikuwa waimbaji, wachongaji, wapiga picha, na sisi wa rangi. Mimi nilikaa mbele. Huwa nakaa mbele.

Wakili alieleza vizuri, hata mtu wa darasa la nne alielewa. Alisema kuna kazi nyingi nchini ambazo mwenyewe hajulikani, picha, kanda, nyimbo. Mswada unasema anayetaka kuitumia kazi kama hiyo atafute mwenyewe kwa bidii. Asipompata, aombe kibali ofisini, aweke ada kando, atumie. Mwenyewe akijitokeza baadaye, ada ni yake.

Mwimbaji mmoja kutoka upande wa Malaba aliinuka, Mteso kwa kabila, mwanamke wa rika langu anayepiga kinanda kidogo cha vidole. "Mimi naunga mkono," alisema. "Baba yangu aliimba na wenzake kwenye kaseti. Sauti yake naijua. Wale wengine siwajui, na watu waliowarekodi wamekufa. Nikitaka kuitoa ile kaseti watu waisikie, naambiwa nipate ruhusa ya wote. Nitaipata kaburini? Acheni sheria ije, baba yangu asikike."

Watu walimpigia makofi, na hata mimi nilipiga, maana alikuwa amesema ukweli. Halafu nilisimama nikaonyesha pakiti yangu. Niliwaambia yote, mpaka lile jicho.

Mpiga picha mmoja wa studio, mtu ambaye tumetaniana tangu ujana, alinirukia. "Ndugu yangu, wewe si ndiye unayesema Busia yote ni yako? Kumbe huna hata ukuta mmoja wenye jina?"

Ukumbi ulicheka. Niliwangoja wamalize.

"Hakuna hata mmoja," nilisema. "Na huyu hapa, na yule, na yule kule nyuma, hawana, kwa sababu niliwafundisha wasiandike."

Wakili hakucheka. Aliuliza kwa nini, nikamweleza habari ya bango na watu wa kaunti. Aliandika. Kisha alisema hata sasa, bila jina, kazi ni ya aliyeichora. Shida ni kuonyesha kwamba ni wewe.

"Na hiyo bidii ya kutafuta," nilimuuliza, "wanatafuta wapi?"

"Kwenye rejesta ya hakimiliki. Magazetini. Mtandaoni."

"Mundika hawafiki?"

"Mswada hautaji Mundika, mzee."

"Mtu yeyote anayekula chapati pale angewaambia. Hawangehitaji hata kushuka kwenye gari."

Hapo hawakucheka tena. Fundi mmoja wa nyuma alisema iandikwe hivyo, kwamba atafutwe pale pale kazi ilipokutwa, na wakili akaiandika. Nikamuuliza neno langu la mwisho, ambalo ndilo lililonileta.

"Mimi sijaja kwa ajili ya ada. Kama mwenyewe hataki, je? Kama anasema mtoeni mama yangu hapo, ama mrudishieni jicho lake?"

Alifunga kalamu yake. "Kwa jinsi mswada ulivyo leo, kutotaka kwako kunaanza siku unayojulikana. Hakugusi yaliyopita. Vilivyokwisha kutengenezwa vinaendelea. Hilo nalo tutalipeleka. Lakini kwanza, mzee, ujulikane. Mchore tena, tupige picha, tulinganishe mkono."

Nilimwambia hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Nilirudi nyumbani nikaweka ubao, nikachanganya rangi, nikaanza. Nyavu zilikuja. Vidole vilikuja. Sweta na kifungo chake vilikuja. Nilipofika usoni mkono ulikwenda wenyewe kama siku zote, na nilipopiga hatua nyuma kuangalia, nilikuwa nimemchora yule wa kwenye pakiti. Macho mawili wazi. Nilifuta kwa kitambaa nikarudia. Nilifinya jicho la kushoto, likawa jicho la mtu anayekonyeza watu baa. Nikafuta. Nilifunga macho yangu mwenyewe nimwone kama nilivyokuwa nikimwona, na aliyekuja alikuwa na meno meupe na gauni la manjano.

Mke wangu alikuja mlangoni. Alimjua mama, waliishi pamoja. Aliutazama ubao muda mrefu.

"Si yeye," alisema.

"Najua si yeye."

"Basi mbona unaendelea?"

Niliosha brashi. Sijawahi kuosha brashi taratibu kama siku ile. Mtu anaweza kuchukua picha yako ukutani, hiyo naielewa, ukuta uko njiani. Kuingia kichwani mwa mtu na kumbadilishia mama yake, hiyo sikujua kwamba inawezekana.

Asubuhi nilikwenda Mundika. Mwenye hoteli aliponiona hakunitazama usoni.

"Niliona haya kukwambia," alisema. "Walikuja na makopo yao, ukuta ulikuwa umeanza kuchafuka kwa moshi. Nikakubali."

"Vijana wao walipiga msasa kwanza?"

"Msasa gani? Walikuja wakapaka, wakaenda."

Hapo nilipata tumaini kidogo. Nasema kama fundi. Rangi yangu ilikuwa ya mafuta, inang'aa. Yao ilikuwa rangi ya maji, ya haraka. Rangi ya maji ukiipaka juu ya mafuta bila msasa haishiki, inalala tu pale kama shuka juu ya kitanda. Nilimwomba maji moto na sabuni. Alinichemshia kwenye sufuria ya ugali, sufuria nzima, wateja wakasubiri. Nilikata kipande cha plastiki kwenye mtungi uliopasuka, maana chuma kingemkwaruza.

Nilianzia chini. Maji, sabuni, subiri, kwangua. Rangi ya kampuni ilianza kuinuka kama utando wa maziwa. Wateja walitoka na vikombe vyao.

"Boss, unaosha nyumba ama unaichuna?" mwenye pikipiki mmoja aliuliza.

"Anamtafuta mama yake," mwenye hoteli alimjibu, na yule kijana akashusha kikombe.

Nyavu zilitokea. Kisha konzi. Kisha sweta, mpaka kifungo. Nilipofika mdomoni, mahali ambapo moshi wa jikoni ulikuwa umepiga miaka yote, rangi yao iliinuka pamoja na yangu. Niliona midomo ya mama ikibaki kwenye kipande cha plastiki, na ukutani ikabaki saruji. Nilitaka kuacha. Mwenye hoteli alimwaga maji mengine ukutani kwa mkono wake mwenyewe, polepole, akasema, "Endelea, mzee. Umeshamfikia."

Jicho lilitoka zima. Limefinywa, na ile mikunjo mitatu pembeni niliyokuwa nimeisahau kabisa, na wekundu kidogo chini yake wa mtu anayekaa juani na moshini. Halikuwa linamkonyeza mtu. Lilikuwa linakataa. Nilikaa chini pale kwenye vumbi mbele ya watu wote, mimi na umri wangu huu.

Baadaye nilifungua kopo dogo jeusi nikaandika jina langu chini kulia, na namba ya simu.

"Si ulisema jina linaleta watu wa kaunti?" mwenye hoteli aliuliza.

"Waje. Hilo ni langu, si lako."

Walikuja kweli, siku ya soko. Mkusanya ada alikuwa kijana mpole, mwenye mashine ndogo ya risiti kiunoni.

"Hili ni tangazo la nani?"

"Si tangazo," nilimwambia. "Ni mama yangu."

"Lakini mzee, namba ya simu ipo. Namba ikiwepo ni tangazo."

"Basi andika. Andika ni picha ya mwanamke wa omena, ukuta huu, na mwenyewe ni mimi."

Aliniangalia kama mtu ambaye hajawahi kuona anayeomba kutozwa. Aliandika. Maisha yangu yote niliikwepa ile karatasi, na siku hiyo niliikunja nikaiweka mfukoni mwa shati kama cheti cha shule. Nilimpelekea wakili pamoja na picha za ukuta. Alisema si haba, ni kitu cha kuanzia. Kampuni ya omena imejibu kwamba imepokea na inazungumza na mawakili wake. Mswada bado unajadiliwa, na maneno yetu ya ukumbini, nimeambiwa, yamepelekwa. Yatasikika ama hayatasikika, sijui. Yule mwimbaji Mteso alinipigia akaniuliza kama bado naipinga sheria. Nilimwambia naitaka ile ya baba yake, siitaki ya mama yangu. Alisema ni sheria moja. Tulikata simu, kila mmoja na mtu wake.

Wachoraji wa hapa sasa wanaandika majina. Wenye maduka wanalalamika. Pakiti bado zinauzwa. Mwenye duka wa Burumba hawezi kuacha kuziuza, watu wanazitaka, lakini amezigeuza kwenye rafu, zote zinatazama ukuta.

Watu wananiuliza kwa nini sijamrudishia mama midomo. Wanasema, wewe ambaye ulichora chui huku lori linatembea, midomo ndiyo ikushinde? Ninakwenda Mundika, naagiza chai, nakaa ng'ambo ya barabara nikiwa nimeuelekea ukuta. Jicho ninalo. Kila siku naliangalia mpaka chai inapoa, nikitafuta mdomo uliokuwa chini yake. Nikichora leo, nitachora ule wa kwenye pakiti.